Ndovu wa Sagalla na fensi ya nyuki: inashika kwa nini, na ikiachia inaachia wapi

Kisa ninachotaka tukichambue kiko Sagalla, kaunti ya Taita Taveta, kule chini ya kilima cha Wasaghala karibu na Voi, mahali ambapo shamba la mtu na mbuga ya Tsavo Mashariki ni majirani wa mlango kwa mlango. Watu wa pale wanalima mahindi, pojo, kunde, mvua yenyewe ya kubahatisha, na mwaka ambao Mungu amejalia mvua ikashika mahindi yakaanza kubeba, ndovu nao ndio wanaingia. Wanakuja usiku, saa zingine ni madume mawili matatu, saa zingine ni familia nzima na watoto wao, na kazi ya msimu mzima inaisha kabla jogoo hajawika. Kumbuka eneo la Tsavo ndilo lenye ndovu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote Kenya, sensa ya 2021 ilipata karibu 15,000 huko peke yake kati ya 36,280 wa nchi nzima, kwa hivyo tukiongelea ndovu kuvamia shamba Sagalla tunaongelea jambo la kila msimu.

Kabla ya nyuki watu walikuwa wanalinda vile tunavyojua wote. Debe, tochi, moto pembeni ya shamba, mbwa, kupiga mayowe, wengine wanakesha juu ya kijukwaa cha miti. Inafanya kazi siku mbili tatu halafu ndovu wanaizoea, na mtu anayemkaribia ndovu gizani na debe mkononi anaweka maisha yake pale. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama familia yake ilipwe shilingi milioni 5, na mazao pia yana fidia yake, lakini kilio cha malipo kuchelewa miaka nenda miaka rudi kila anayeishi kandokando ya mbuga anakijua. Mtu akishapoteza mahindi yote na hajaona senti, usishangae siku moja akitafuta sumu au mshale. Ndovu wengi wanakufa hivo, kwa hasira ya jirani, hata pembe hazina habari.

Sasa fensi yenyewe iko hivi. Unazungushia shamba nguzo, na takriban kila mita 10 unaning'iniza kitu, mara mzinga wa kweli, mara mzinga bandia ambao ni kibao tu kimekatwa na kupakwa rangi kifanane na mzinga kwa mbali. Shamba la ekari moja linachukua mizinga 12 ya kweli na 12 bandia. Yote imeunganishwa na waya mmoja. Mzinga haukai juu ya nguzo, unaning'inia, na hio ndio siri ya ule mtambo, manake ndovu akija na kifua chake akausukuma waya, mizinga ya upande wake na ya mbali inayumba kwa pamoja, nyuki wanachafuka na wanatoka. Nyuki hawaletwi kwa gari, mzinga ukikaa vizuri kwenye kivuli na maji yakiwa karibu, wanakuja wenyewe wanaingia. Mkulima kazi yake ni kuangalia nguzo zisiliwe na mchwa, waya usilegee, siafu wasipande, na nyegere asifike, kwa sababu nyegere akifika kwenye mzinga anaumaliza usiku mmoja.

Ukiiangalia kwa macho unaweza kusema hii ni fensi ya kizembe. Ndovu mzima wa tani kadhaa, waya mmoja! Hata ng'ombe anaweza kuinama akapita. Kwa hivyo swali la kisa hiki ni kwamba kama nguvu ya fensi haiko kwenye waya wala kwenye nguzo, iko wapi? Kwangu mimi jibu ni kwamba fensi hii ni ujumbe, imejengwa kwa kutumia woga ambao ndovu tayari anao na maneno ambayo ndovu tayari wanaambiana, na hio ndio sababu inashika pale inaposhika, na ndio sababu inaachia pale inapoachia.

Turudi nyuma kidogo. Wafugaji na warina asali wa Kenya walikuwa wanasema kitambo kwamba ndovu hali mti wenye nyuki. Fritz Vollrath wa chuo cha Oxford na Iain Douglas-Hamilton, yule mwanzilishi wa Save the Elephants, shirika la kulinda ndovu, walichukua hayo maneno wakayajaribu Laikipia, wakaning'iniza mizinga kwenye migunga, na mwaka 2002 wakatoa matokeo kwamba miti yenye mizinga iliharibiwa kidogo zaidi, hata ile ambayo mizinga yake haikuwa na nyuki. Hii ya mizinga mitupu tafadhali iweke akilini, tutairudia.

Halafu akaja Lucy King, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu (PhD) hapo Oxford. Yeye alienda hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, kaskazini ya Kenya, na spika. Unangoja familia ya ndovu imepumzika chini ya miti mchana, joto limekolea, watoto wamelala, mama wakubwa wamesimama wanapeperusha masikio pole pole, halafu kwenye spika iliyofichwa karibu nao unacheza sauti ya nyuki waliochokozwa. Hakuna nyuki hata mmoja pale, ni sauti tu. Familia 17 zilijaribiwa, 16 ziliondoka ndani ya sekunde 80, na karibu nusu ziliondoka ndani ya sekunde 10 za kwanza. Zile zilizochezewa sauti nyingine ya kawaida ya mvumo, kama kelele ya redio isiyoshika stesheni, ni kama asilimia 27 tu zilizoondoka. Hayo yalichapishwa 2007.

Ngozi ya ndovu mwilini ni nene kweli lakini nyuki hawapigi hapo. Wanaenda kwenye macho, nyuma ya masikio, mdomoni, na ndani ya mkonga, na ukijua mkonga ulivyo laini kwa ndani, ndio pua yake na ndio mkono wake, utaelewa. Mtoto wa ndovu ngozi yake yote bado ni nyembamba. Kwa hivyo mama mwenye mtoto akisikia ule mvumo hasubiri ushahidi.

Kilichonivuta mimi zaidi kwenye hii hadithi yote ni kile kilichofuata. Kwenye zile rekodi waligundua ndovu hawakimbii kimya, wanakimbia huku wanaongea. Ndovu ana mngurumo mzito wa chini sana, sehemu yake kubwa iko chini ya hezi 20 ambazo sikio la binadamu halizishiki, unaweza kuwa umekaa kwenye gari unaona familia imetulia kumbe mazungumzo yanaendelea ambayo wewe hauyasikii. King pamoja na Joseph Soltis, mtafiti wa sauti za wanyama aliyekuwa Disney's Animal Kingdom kule Florida, walichukua ule mngurumo uliotolewa baada ya kusikia nyuki wakauchambua, na kazi ikatoka 2010. Mngurumo ulikuwa umebadilika, sauti imepanda na mwangwi wake kwenye koo na mdomo umehama kwenda juu. Ndovu wenyewe wanatikisa kichwa kwa nguvu mpaka masikio yanapiga mashavu, wanajirushia vumbi, yaani wanafanya vile mtu anajifukuza nyuki mwilini.

Wakaenda hatua nyingine. Wakacheza ule mngurumo wenyewe, bila sauti ya nyuki kabisa, kwa ndovu wengine. Nao wakaanza kutikisa vichwa na kusogea mbali. Wakachukua mngurumo uleule kwenye kompyuta wakashusha ile sehemu ya mwangwi iliyopanda, wakaucheza tena, na ndovu hawakujali kiasi kile. Fikiria hapo. Ndovu ambaye hajaona nyuki wala hajasikia nyuki amepata habari kutoka kwa mwenzake, na habari imekaa kwenye kipande kidogo cha sauti, kipande hicho kikiguswa habari inapungua.

Mwaka 2014 kundi hilohilo la watafiti likalinganisha na tishio lingine. Walirekodi sauti za wanaume Wasamburu wakiongea wakazicheza kwa ndovu. Ndovu walishtuka, wakakimbia, wakatoa mngurumo wa tahadhari pia, lakini mngurumo wa binadamu na mngurumo wa nyuki haukuwa mmoja, ule mwangwi unatofautiana, na kutikisa kichwa kulikuwa kwa nyuki, kwa watu hakukuwepo. Kwa binadamu ndovu wanainua vichwa, wananusa, wanatafuta uko wapi. Halafu kuna ule upandaji wa sauti yenyewe, ambao unaonekana kufuata ukubwa wa hofu, dharura ikiwa kubwa sauti inapanda.

Ni hofu au tunampachika mnyama hisia zetu? Najua kuna wasomi wanaokwepa hilo neno hofu, wanapenda waseme mwitikio wa tahadhari. Mimi sioni haja ya kukwepa. Mnyama sauti yake inapanda akiwa kwenye dharura vile ya kwako inavyopanda, anawakusanya watoto, anakimbia, anajirushia vumbi kujifukuza wadudu ambao hawapo, na akimsikia mwenzake ameogopa naye anaogopa. Kama hio si hofu basi hata ya kwangu siijui. Na ukikubali kwamba ni hofu unapata kitu cha kufanya nayo kazi, kwa sababu hofu ya kujifunza inarithishwa kwenye familia, mama mkubwa anayekumbuka akikwepa mahali wote wanakwepa, hata vijana ambao hawajawahi kuumwa.

Hapa ndipo naona jibu la kwa nini debe linashindwa. Amboseli kuna utafiti mwingine wa 2014, wa Karen McComb na wenzake, walicheza sauti za watu wakisema sentensi moja, angalia kule kundi la ndovu linakuja, kila mtu kwa lugha yake. Ndovu waliogopa zaidi sauti za wanaume Wamaasai, ambao wamewahi kuwachoma mikuki, kuliko za wanaume Wakamba ambao ni wakulima na hawana historia hio nao sana pale. Na sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai hazikuwatisha kama za wanaume wazima. Kwa hivyo ndovu anapima ni nani anapiga kelele na huyo mtu kwa kawaida hufanya nini. Sasa niambie, usiku shambani wanaolinda ni kina nani? Mara nyingi ni mama na watoto wake, baba yuko kibaruani Mombasa au Voi. Hii ni tafsiri yangu, hawakuisema wao kuhusu Sagalla, lakini nadhani inaeleza kwa nini mayowe ya usiku wa kwanza yanafanya kazi na ya usiku wa kumi hayafanyi. Ndovu ameshafanya hesabu. Ameona nyuma ya mayowe hakuna kitu.

Nyuki huwezi kumfanyia hesabu hio, kwa sababu nyuki wa Afrika akichafuka anakuja kweli, tena anakuja na wenzake. Jaribio kubwa la kwanza la fensi lilikuwa kaskazini ya Kenya kwenye mashamba 34 ya Waturkana, kwa miaka miwili, wengine wamezungushiwa mizinga, wengine ua wa miiba wa kawaida. Ndovu waliingia mashambani mara 32, na katika hizo ni mara moja tu ndovu alivunja fensi ya nyuki, 31 zilizobaki walipita kwenye miiba. Kisha kazi ikahamia Sagalla, mashamba 10, miaka mitatu na nusu, matokeo yakatoka 2017, asilimia 80 ya ndovu waliofika kwenye fensi walibaki nje, na wakulima wakauza kilo 228 za asali.

Lakini mradi wa miaka mitatu unaweza kukudanganya, mambo mapya kila mtu anayatunza. Ndio maana naipa uzito zaidi ile ripoti ya 2024 iliyofuatilia Sagalla miaka 9. Mashamba yalikuwa yameongezeka hadi 26, ndovu waliokaribia kwa hio miaka yote ni karibu 4,000, na asilimia kama 75 hawakuingia. Misimu ya mazao yakiwa yamekomaa, wakati ambao mkulima anaihitaji zaidi, ilifika mpaka 86 hivi. Kwa miaka 9, na ndovu wale wale werevu wanaorudi kila msimu, mimi hio naona ni matokeo mazito. Hawakuizoea vile walivyozoea debe.

Ikaachia wapi? Mwaka 2017 kulikuwa na ukame mbaya, na mizinga yenye nyuki ikapungua kwa kama robo tatu. Nyuki wakikosa maua na maji wanahama, hakuna cha kuwazuia. Asali ikashuka na ilichukua kama miaka mitatu kurudi pale ilipokuwa. Sasa rudi kwenye ile mizinga mitupu ya Laikipia. Ni kweli mzinga mtupu unamtisha ndovu, na ile mizinga 12 bandia inafanya kazi sababu hio hio, lakini inaazima heshima kutoka kwa ile ya kweli iliyo karibu nayo. Yote ikibaki mitupu kwa miezi, ndovu mmoja dume akisukuma waya usiku mmoja asiumwe, akarudi tena asiumwe, umerudi kwenye mambo ya debe. Gabon watafiti waliona hivo hivo, mizinga yenye nyuki wakali wenye shughuli nyingi ndio iliyolinda miti ya matunda, mzinga tu peke yake haukutosha. Na Botswana kuna mahali matokeo yalikuwa dhaifu kuliko ya Kenya, kwa hivyo mtu asikuambie hii ni dawa ya kila mahali.

Kitu kingine ambacho sipendi vile kinaelezwa ni asali. Utasikia mradi wa nyuki unamtajirisha mkulima, anauza asali rafiki kwa ndovu, maisha yamebadilika. Ile miaka 9 ilitoa tani moja ya asali, kama dola 2,250. Gawa kwa mashamba 26 uone, haifiki dola 100 kwa shamba kwa muda wote huo. Asali ni nzuri, inalipa karo kidogo, inamfanya mkulima aendelee kukagua mizinga yake hata msimu ambao ndovu hawapo, na hilo la mwisho kwangu ndio faida yake kubwa. Lakini aliyejenga fensi kwa ajili ya pesa ya asali atavunjika moyo mwaka wa kwanza wa kiangazi, ataacha nguzo zianguke, na hapo ndovu wataingia. Mkulima aambiwe ukweli kutoka mwanzo kwamba faida ni mahindi yaliyobaki shambani na usiku aliolala.

Halafu kuna yale ambayo fensi haiwezi kabisa. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria 2017 na imepita katikati ya Tsavo, barabara kuu iko pembeni yake, mashamba na ranchi vinaongezeka, njia za ndovu zinabanwa, ndovu hao hao wanasukumwa kwenye mashamba machache yaliyobaki katikati ya njia yao. Fensi ya nyuki inamwambia ndovu asipite hapa. Haimwambii apite wapi. Ukizungushia kila shamba bila kuacha ushoroba, yaani njia ya ndovu kupita, unamhamishia jirani balaa, na jirani mwenyewe ndiye asiye na uwezo wa mizinga. Kwenye hili naona kaunti na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wana kazi ambayo hakuna mzinga utakaowafanyia, kuhakikisha zile njia za wanyama kupita chini ya reli zinabaki wazi na hazijengwi.

Tanzania nao wanaitumia, kule Bonde la Kilombero kando ya Udzungwa kuna vijiji vimeweka, na kwingine wanachanganya na kamba za pilipili na oili. Sri Lanka walicheza sauti za nyuki kwa ndovu wa Asia nao wakarudi nyuma, ingawa nyuki wa kule ni wapole kuliko wetu. Na Sagalla yenyewe hawakutegemea nyuki peke yao, wamejaribu mazao ambayo ndovu hayapendi kama alizeti, ufuta na pilipili, na akina mama wanasuka vikapu vya mkonge, ili mwaka ndovu akipita kweli kuwe na kitu kingine cha kushika.

Kama kijiji chako kinafikiria fensi ya nyuki, ushauri wangu unaanza na maji. Kabla ya kuhesabu mizinga uliza nyuki watakunywa wapi mwezi wa tisa na wa kumi, chimbeni kibwawa kidogo, au hata beseni zenye mawe ndani ili nyuki asizame, na mtu mmoja awe na zamu ya kujaza. Pandeni vitu vyenye maua ya kiangazi. Mizinga iwe na kivuli, kwa sababu kwenye jua la Tsavo mzinga usio na paa la makuti unapika nyuki. Anzeni na mashamba ya mstari wa mbele ambayo ndovu hufikia kwanza, miezi mingi kabla ya kupanda, sababu nyuki wana muda wao wa kuingia na ukingoja mahindi yabebe umechelewa. Na kila mzinga uandikwe kwenye daftari, una nyuki au hauna, tarehe gani. Wafadhili wanapenda kuhesabu mizinga iliyotundikwa, nyinyi hesabuni yenye nyuki ndani, maana hio ndio ndovu wanayohesabu.